Gari Bovu Lazaa Korongo

Nani kati yenu hajaona gari bovu lililolala nyuma ya nyumba ya mapadre, au kando ya mashine ya kukobolea kahawa? Majani yameota ndani ya injini, kuku wametaga penye kiti cha dereva, na watoto wamekwisha ng'oa kioo cha pembeni wapate kujitazama. Parokia yetu, huku wilayani Muleba, ilikuwa nalo moja. Lilikuwa gari dogo la mizigo, na katika siku zake lilibeba saruji, wagonjwa, maharusi, na pengine majeneza. Injini ilipokufa lilisukumwa mpaka chini ya mparachichi, likakaa hapo miaka kumi na mmoja.

Mwaka jana kamati ya fedha iliniagiza mimi, karani wa parokia, niliuze. Mifereji ya maji ya mvua kwenye paa la ofisi ilikuwa imeoza, na fedha ya kununua mingine haikuwapo. Basi nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, vijana wawili, nyundo na patasi. Kwa muda wa siku moja gari lile likawa vipande, kila kipande kikapimwa, nami nikaandika kilo katika daftari langu. Bei ya kilo mbili haikutosha kununua mche mmoja wa sabuni. Lakini fedha ni fedha, nami nilijiona karani hodari.

Jioni ile akaja mtu mmoja niliyesoma naye shule ya msingi. Jina lake silitaji, maana ameniomba hivyo. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto mchanga, naye huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Alisimama mbele ya lundo lililosalia, ambalo mnunuzi alisema atalifuata kesho yake.

“Karani, waitu, springi zimekwenda zote?”

“Zimekwenda. Zilikuwa nzito, zimetupa kilo nyingi.”

“Na giaboksi?”

“Nayo pia.”

“Ungeniita, ndugu yangu. Ungeniita tu.”

Nikamjibu kwa haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi, kwamba hizo ni takataka na asijisumbue. Hakusema neno. Alishuka katika baiskeli yake, akajikokota mpaka kwenye lundo, akaanza kuchambua kipande kwa kipande kama mama achambuavyo maharage. Alitenga plagi nne, valvu na springi zake ndogo, mnyororo mmoja, beringi mbili zilizoshikana kwa kutu, fimbo ya kuzungushia magurudumu ya mbele, na jani moja la springi lililovunjika ambalo vijana walilisahau kwenye nyasi. Vilijaa nusu gunia. Nikaandika daftarini: “Vipande mbalimbali, kilo 14, vimetolewa kwa mkopo.” Paroko aliposoma maneno hayo akaniuliza mkopo wa namna gani huo, nami sikuwa na jibu.

Yafaa niseme jambo moja juu ya mtu huyu. Wenzake wa rika moja walipokwenda shule, yeye aliachwa nyumbani kufukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba sare na madaftari ya mtoto asiyeweza kutembea ni fedha iliyotupwa. Aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, akibebwa mgongoni na kaka yake, na ndipo tulipokutana, mimi nikiwa mdogo kwake kwa miaka minne. Baadaye mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Huko nikafundishwa kwamba kila mtoto ana kipaji chake, nikaliandika jambo hilo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Hata mara moja sikumfikiria yeye.

Naye, wakati mimi naandika mitihani, alikuwa amepata nafasi katika gereji moja ya Bukoba mjini. Akaketi juu ya kigoda kifupi na kujifunza kuchomelea vyuma. Mikono yake ina nguvu kuliko ya wengi wetu, maana tangu utoto ndiyo iliyofanya kazi ya miguu. Siku hizi anatengeneza malango na nondo za madirisha hapa kwetu. Sanamu huzifanya jioni.

UMBO LISIKATWE

Jumamosi mbili nilikwenda kumtazama. Nilidhani nitaona moto tangu asubuhi, kumbe saa nzima ya kwanza hakuwasha kitu. Alivisugua vipande vyake kwa brashi ya waya na maji ya majivu mpaka oili yote ikatoka. Kisha akavipanga sakafuni, akachora kwa chaki, akavipangua, akavipanga tena. Fimbo ile ya magurudumu akaikata katikati ikawa miguu miwili mirefu. Mnyororo akauvuta ukawa shingo, akauchomelea pingili kwa pingili usije ukalegea. Plagi moja ikawa kichwa, na ule upande wake mwembamba ukawa mdomo. Springi ndogo za valvu alizinyoosha nusu, nusu akaziacha zimejikunja, akazipanga kisogoni kama taji. Hapo nikatambua anatengeneza nini. Ni korongo taji, ndege yule yule wa mabondeni kwetu, ambaye jirani zetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao.

Nikamwuliza kwa nini asiukate ule mnyororo vipande vidogo apate shingo laini. Akanijibu: “Kipande chenye umbo lake usikiharibu. Ukikikatakata kinakuwa chuma tu, na chuma hata dukani kipo.”

Neno hilo nimelifikiri sana. Mtu akimtazama korongo wake huona ndege. Akitazama mara ya pili huona plagi, mnyororo na springi. Akitazama mara ya tatu anaona vyote pamoja na kuanza kucheka. Pale furaha inapotoka ndipo hapo. Kama angeyeyusha vyote na kumimina ndege mzima, pengine angekuwa mzuri zaidi, lakini hakuna ambaye angecheka.

Kumbe mafundi wakubwa wa ulimwengu wameliona hilo kabla yetu. Mwaka 1942 mchoraji Pablo Picasso, mtu wa Hispania aliyeishi Ufaransa, alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, basi vikawa kichwa cha fahali. Kiti ni uso, usukani ni pembe. Hakuongeza kitu kingine. Msomaji mwenye baiskeli na aitazame yake jioni hii, atamwona fahali huyo mwenyewe.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kazi hii imeenea. Nchini Kenya, Kioko Mwitiki amejulikana kwa miaka mingi kwa kutengeneza wanyama wa vyuma chakavu, na hasa tembo wenye ukubwa wa tembo halisi, na kazi zake zimevuka bahari. Katika jiji la Dar es Salaam, mwaka 2005, kilianzishwa kikundi cha mafundi wenye ulemavu, wengi wao waliopooza kwa polio, kikaitwa Wonder Welders. Kutoka humo kikakua kiwanda cha mikono kilichojulikana kwa jina la Wonder Workshop, kule rasi ya Msasani, ambako vipuri vya magari, chupa zilizovunjika na karatasi zilizotupwa viligeuzwa kuwa wanyama, mapambo na kadi, wageni wakaja kununua. Rafiki yangu alisikia habari zao redioni akiwa kijana. Ananiambia kwamba siku ile ndipo alipojua kuwa mtu anaweza kuchomelea akiwa ameketi, na asiitwe ombaomba.

Tena si magari peke yake. Huko Msumbiji, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha mwaka 1992, bunduki zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa darini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuwaomba watu wazisalimishe, na aliyeleta bunduki alipewa cherehani, baiskeli, majembe au mabati. Bunduki zilikatwakatwa, vipande wakapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, alitengeneza kiti cha enzi kwa bunduki hizo mwaka 2001, nacho kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Wale wanaomsoma nabii Isaya, sura ya pili, wanajua wazo hilo lilitoka wapi.

CHUMA SI KIGENI KWETU

Siku moja nilisafiri naye kwenda Bukoba kununua rodi za kuchomelea. Basi dogo lilipopita Kemondo nikamwonyesha upande wa ziwa, nikamwambia: “Hapo chini ya ardhi yamo matanuru ya babu zetu.” Alidhani namfanyia mzaha.

Si mzaha. Wataalamu walichimba huko Kemondo, na pia Katuruka karibu na Maruku, wakakuta mashimo ya matanuru, mavi ya chuma, na mabomba ya udongo ya kupulizia moto. Waliyapima makaa yake, wakaona kwamba watu wa pwani hii ya ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1976, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo waifanye tena. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya bwawani ndani yake. Wakasimamisha kuta kwa mavi ya chuma ya kale na udongo uo huo, wakaingiza mabomba, wakavuta mivukuto minane. Chuma kikatoka. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1978 katika jarida la wataalamu la Marekani, na waliosoma huko ng'ambo walistaajabu sana. Wazee wenyewe, nadhani, hawakustaajabu.

Hapo Katuruka ndipo palipokuwa na mti wa Kaiija, jina linalotaja mahali pa kufulia chuma. Hadithi yasema mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma apate kuona mbinguni kulivyo. Mnara ukaanguka. Rafiki yangu alipoisikia hadithi hiyo aliuliza swali moja tu: “Waliunganisha kwa nini, na rodi hazikuwapo?”

Na sanaa ya chuma nayo haikuletwa na magari. Katika nyumba ya hazina ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe walikuwamo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, kazi ya nyundo tupu. Stanley alipofika huko mwaka 1876 aliandika kwamba aliona pia bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu. Basi ndege wa chuma si mgeni mkoani Kagera. Hata huko Kamachumu, sikio la Mhaya haliwezi kulipita jina hilo bila kusikia mikuki ndani yake.

Kilichokufa ni tanuru. Chuma cha Ulaya kilikuja kwa bei ndogo, wazee wakaacha kuyeyusha. Lakini mhunzi, omuhesi, hakuacha kufua. Alipokosa chuma cha ardhini alichukua springi za malori, akafua visu, mundu na mapanga. Kwa hiyo hata panga lako, msomaji, huenda lilipata kubeba marobota ya kahawa kabla hujalinunua.

KWA WATAKAOJARIBU

Wako vijana watakaosoma habari hii na kukimbilia gari bovu la jirani. Wazazi, wazuieni kwanza, wasikilize maneno machache niliyoyaandika mbele ya fundi.

Tangi la petroli lisiguswe kwa moto, hata kama limekauka miaka mingi, maana mvuke hubaki ndani na hulipuka. Shokapu nazo zisitiwe motoni, kwa kuwa zimefungwa zikiwa na mafuta na pengine hewa ya nguvu, na zikipata joto hupasuka. Betri iachwe kabisa. Maji yake huunguza, na risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto. Bati lililopakwa zinki hutoa moshi mbaya, basi lichomelewe nje, upepo ukitoka mgongoni. Bloku ya injini ni chuma cha kusubu, huvunjika penye kiungo kikisha poa. Pistoni ni ya aluminiamu, nayo haishikani na rodi za kawaida; fundi huitoboa na kuifunga kwa bolti. Jani la springi ni gumu mno na hupata ufa likichomelewa baridi. Hupashwa moto kwanza, na baadaye hufunikwa majivu lipoe polepole.

Na macho! Mimi niliyesoma chuoni nilisimama kando na kuutazama ule mwanga bila miwani, kwa kuwa ulikuwa mzuri. Usiku nikaamka macho yanawaka kama yametiwa mchanga, mke wangu akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi mpaka alfajiri, akinisema. Watoto wasikubaliwe kusimama karibu.

Jambo jingine ni uhalali. Kibao cha barabarani, nondo ya daraja au kifuniko cha mtaro si chuma chakavu, hata kama kimekutwa chini. Fundi wetu anayo daftari yake, na kila anayemletea chuma huandika jina na mahali kilipotoka. Karani nimefurahi kuona daftari hiyo imepangwa vizuri kuliko yangu.

KORONGO MBELE YA KAMATI

Korongo alipokwisha, fundi alimleta parokiani alipe ule mkopo wa kilo 14. Kamati ikakutana. Mzee mmoja aliuliza kama inafaa kuweka sanamu ya ndege karibu na kanisa, watu wasije wakaelewa vibaya. Paroko akasema kwamba katika miaka yake yote ya upadre hajamwona Mhaya aliyemsujudia korongo. Mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya, akasema lake bila kuzunguka: sanamu hainunui mfereji. Ni kweli. Fedha ya chuma chakavu ilitosha mifereji ya upande mmoja wa paa. Upande wa pili bado unavuja, na beseni liko pale pale.

Wala korongo hakumtajirisha fundi. Ameuza kuku wawili wa plagi kwa walimu, na mjusi mmoja kwa mgeni aliyekuja arusini. Malango na madirisha ndiyo yanayomlisha, na mtu asimdanganye kijana wake kwamba sanamu pekee itamjengea nyumba.

Hata hivyo kamati ilikubali, kwa kura moja tu zaidi, korongo akae nje ya mlango wa ofisi.

Mwezi wa pili baba mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya bonde alikuja kwangu kuandikisha ubatizo wa mjukuu. Alipokuwa akingoja alimzunguka korongo mara mbili, tatu. Akaniuliza ni kazi ya nani. Nikamwambia. Akauliza tena: “Yule wa baiskeli ya mikono?” Nikaitika. Alikaa kimya kitambo, akatia sahihi yake, akaondoka. Jumatatu alirudi na binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, na ambaye mimi karani, mwenye daftari la familia zote za parokia, sikupata kumwona kanisani isipokuwa siku ya Kipaimara.

Sasa anajifunza. Miezi mitatu ya kwanza alipewa tupa na jiriwa tu, hakushika moto, naye alilalamika. Siku hizi ameanza kuchomelea, na mistari yake bado ina mashimo. Amekwisha tengeneza jogoo mmoja mwenye kichwa kikubwa mno. Fundi anasema kichwa kile ni kosa. Binti anasema majogoo wa kwao ndivyo walivyo.

Korongo humpaka oili kila Jumamosi, kwa kuwa mvua za huku hazina huruma na kutu imeanza kuonekana kwenye vidole. Watoto wa katekisimu wamemsugua mdomo mpaka unang'aa.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita tena wiki iliyopita. Alisimama mbele ya korongo, akamtikisa kidogo, akaning'iniza mizani yake begani, akaniuliza ana kilo ngapi. Nilimwambia hatujampima.